Chumba cha Upande wa Kigingi

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumatatu, gari la kampuni ya umeme wa upepo lilisimama mbele ya nyumba ya Fundi, na msichana aliyevaa kofia nyeupe ya plastiki akashuka na kifaa cha kupimia umbali mkononi. Hakubisha hodi. Alipita kando ya nyumba hadi kwenye ukuta mpya ambao plasta yake ilikuwa bado mbichi, akauegemea kwa mgongo, akakielekeza kifaa kwenye kigingi chekundu kilichochomekwa juu kabisa, mgongoni mwa kilima. Alitazama namba. Akapima tena. Kisha akasema, "Aa-aa," peke yake, kama mtu aliyekuta maziwa yamechacha.

Mke wa Fundi alimwona kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa akijaza chai kwenye chupa mbili kubwa, aziteremshe kwenye kibanda chake cha njia panda, ambako madereva wa malori ya kampuni husimama kabla ya kupanda mlima. Aliitua birika, akatoka nje.

"Karibu, Dada wa Kofia. Mbona unaizunguka nyumba kama mwizi wa kuku?"

"Samahani, mama. Hiki chumba kimejengwa lini?"

Kabla hajajibiwa, Fundi mwenyewe alitokea, vifungo vya shati nusu vimefungwa, uso umekunjuka kwa furaha. Alikuwa mwashi, na hakuna kilichompendeza kama mtu kuutazama ukuta wake.

"Nimekimaliza katikati ya wiki iliyopita! Kazi ya siku sita. Gonga, usiogope. Linta yote ni zege tupu."

"Anaishi nani humu?"

"Mama yangu mzazi. Analala humo, anaamka humo. Umepata mita ngapi?"

"Mia tatu tisini na nane."

Fundi alipiga kofi moja la nguvu. "Umesikia, mama watoto? Chini ya mia nne! Tumeingia!"

Dada wa Kofia aliivua kofia yake, akajifuta paji la uso. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili katika kazi ya kueleza mambo, na aliyaeleza kama mtu anayekariri.

"Baba, nisikilize. Ni kweli, nyumba iliyo ndani ya mita mia nne kutoka kwenye mnara haitakiwi kukaliwa na mtu. Na ni kweli kampuni inawajengea nyumba mpya walioko humo ndani. Lakini ni zile nyumba zilizokuwepo siku tulipopiga picha kutoka angani. Tulipiga mwaka jana. Chumba hiki hakimo kwenye picha."

"Si mtapiga nyingine?"

"Hatupigi nyingine."

"Basi chumba hakihesabiwi."

"Kwa nyumba mpya, hakihesabiwi. Kwa umbali, kinahesabiwa."

Mke wa Fundi aliingilia kati. "Hebu ngoja. Chumba kipo au hakipo?"

"Kwenye fidia hakipo, mama. Kwenye usalama kipo."

"Na mnara wetu?"

Msichana aliivaa tena kofia. "Mnara hausimamishwi karibu na mahali anapolala mtu. Ijumaa anakuja mkaguzi wa benki inayotukopesha, kufunga orodha ya minara ya safu hii. Akikikuta chumba hiki na mtu ndani yake, namba kumi na moja itaondoka kwenu."

Namba kumi na moja ndiyo kile kigingi. Shamba la mgongoni mwa kilima Fundi alilirithi kwa baba yake, na tangu alipolirithi halijamlipa chochote: upepo uliyalaza mahindi kila mwaka kabla hayajakomaa. Sasa upepo uleule ungelipa. Kampuni ilikuwa inatoa kodi kila mwaka kwa kila mnara, miaka ishirini na mitano mfululizo, na kodi ya mwaka wa kwanza mke wa Fundi alikwisha kuipangia kazi. Binti yao alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, na chuo kilikwisha kumrudisha nyumbani mara mbili kwa kukosa ada. Safari hii alikuwa amekaa nyumbani kwa shangazi yake mjini, sare imekunjwa kwenye begi, akingoja neno kutoka kwa mama yake.

Gari lilipoondoka, Fundi alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta wake, akiupapasa.

"Lakini tumeingia," alisema. "Si amesema mwenyewe tumeingia?"

*

"Nani alikutuma ujenge?"

"Watu walikuwa wanasema."

"Watu gani? Wana sura au hawana?"

"Wewe ulikuwa hapa nikijenga. Mbona hukunizuia?"

"Mimi uliniambia unamjengea mama yako chumba! Nikasema leo mume wangu kakumbuka kuwa ana mama. Kumbe unajenga daraja la kukifuata kigingi."

Fundi alitafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake, akaokota mwiko uliogandwa na saruji, akaanza kuukwangua. "Kwa Kinyozi pale. Wote walikuwa wanasema. Walioko karibu wanapewa nyumba. Mimi nyumba yangu ina mita mia nne na mbili. Mbili tu zimenizidi, mke wangu! Ungekuwa wewe ungekaa kimya?"

"Ningekaa kimya, ningeuliza."

"Ukikaa kimya unaulizaje?"

Mkewe alichukua chupa zake za chai akateremka.

Kinyozi alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja. Duka lake lilitazamana na kibanda cha chai, kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wanaongoja, na redio ambayo haizimwi. Mke wa Fundi alipoingia, Kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa tu.

"Shemeji! Leo umekuja kunyolewa?"

Benchi lilicheka.

"Ulimwambia nini kaka yako?"

"Kuhusu?"

"Usijifanye. Kuhusu mita."

"Ahaa." Kinyozi aliizima mashine. "Mimi nilisema nilichosikia. Dereva wa lori, lile refu linalobeba mapanga ya mapangaboi ya minara, alikaa kwenye kiti hikihiki. Akasema kule ng'ambo waliokuwa karibu wamejengewa. Vyumba vitatu, choo ndani, tangi la maji juu."

"Walikuwa karibu, au walijisogeza?"

Mteja alijibu kutoka chini ya shuka. "Hilo hakulisema."

"Wewe nyamaza, sikio lako liko mkononi mwangu," Kinyozi akamwambia. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Kaka ni mtu mzima. Nilimwambia jenga? Nilisema tu ningekuwa na ufundi wake, nisingelala."

"Shamba lako limepakana na letu. Mbona wewe hukujenga kitu?"

"Mimi fundi wa bure nimtoe wapi? Halafu mimi nakaa huku chini. Nitamlaza nani kule, mbuzi?"

"Kigingi kikitoka kwetu kinakwenda wapi?"

Kinyozi alipuliza nywele zilizonasa kwenye meno ya mashine. "Hayo ni ya wataalamu, shemeji."

Mke wa Fundi aliutafuta uovu usoni mwa shemeji yake, akaona tu mtu anayetaka kumaliza kichwa kimoja aanze kingine. Kinyozi akawasha mashine. Mke wa Fundi akavuka barabara kwenda kufungua kibanda, akiwa amechelewa, na madereva watatu wakimuuliza kama siku hizi chai inachemshwa mjini.

*

Siku mbili Fundi alizimaliza kutafuta njia ya kutokibomoa.

Kwanza alisema kiitwe stoo. Mkewe alimpigia simu Dada wa Kofia, naye akauliza ni stoo gani yenye plasta ndani, dirisha la vioo na tundu la taa. Kisha Fundi akasema atakata mita mbili tu zilizozidi.

"Chumba kina mita nne. Ukikata mbili zinabaki mbili," mkewe alimwambia. "Zitamtosha nani? Kuku?"

"Kinakuwa kidogo, lakini chumba."

"Na umbali unakuwa mia nne kamili. Dada wa Kofia anataka zaidi ya mia nne."

"Nikikata mbili na nusu?"

"Baba watoto. Kibomoe."

Kukijenga, Fundi alikuwa ameyatumia matofali ya jiko. Matofali yale waliyafyatua pamoja kiangazi chote, wakayapanga nyuma ya nyumba na kuyafunika kwa turubai, wajengee jiko la kudumu badala ya kile kibanda cha mabanzi kinachovuja. Dirisha lilikuwa la mteja aliyegombana na Fundi katikati ya kazi akaliacha. Kwa kuwa hakuwa na haraka ya kumridhisha mtu mwingine, ila kampuni, aliijenga kazi ile vizuri kuliko alivyowahi kujenga kwake mwenyewe. Pembe zilikaa sawa kwenye timazi. Hata sakafu aliipiga rangi nyekundu.

Mama yake alihamishiwa humo siku bati la mwisho lilipopigiliwa. Kabla ya hapo alikuwa akilala chumba cha kati, kisicho na dirisha, ambacho ndicho njia ya kwendea jikoni. Aliishi kati ya magunia ya mkaa na miguu ya watu. Masikio ya Bibi yalikuwa mazito lakini macho yalikuwa mazima. Kwenye chumba kipya alipata mlango wake mwenyewe. Aliweka kiti kizingitini na kuwasalimu wanaopita kwenye njia ya kilimani, na kufika Jumapili alikuwa anajua nani kaposa, nani kaugua, na lori gani limetumbukia mtaroni.

Jumatano alasiri mwanawe na mkwewe waliingia pamoja. Ilikuwa nadra waingie pamoja, kwa hiyo akainuka kitini.

"Mama, tunakurudisha ndani," Fundi alisema kwa sauti kubwa.

"Ndani wapi? Hapa ni nje?"

"Kule kwa zamani."

"Huku kuna nini?"

Fundi alimtazama mkewe, mkewe akatazama dari. "Ukuta una ufa, mama," Fundi akasema.

Bibi aligeuka taratibu akautazama ukuta mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. "Uko wapi?"

"Unakuja."

"Basi ukifika niite," Bibi alisema, akakaa kitandani.

Mke wa Fundi alikuwa amesimama tangu alfajiri. Chai ya jioni ilikuwa haijachemshwa, kesho ilikuwa Alhamisi, na ukuta mmoja ulitaka nusu siku kuuangusha. Alikunja blanketi, akauchukua mto. "Mama, tusaidie tu. Tutakuja kuongea." Fundi alishika upande wa kichwani mwa kitanda. Bibi ilibidi asimame ili asiinuliwe nacho. Alipofika mlangoni aliishika fremu kwa kiganja kizima, akaitazama, kisha akaiachia, akapita.

Walikuja kuongea? Hawakuja. Usiku ule Fundi alikuwa anang'oa mabati.

Alhamisi nzima alibomoa. Alianza kwa kutoa tofali mojamoja, akitumaini yatafaa tena, lakini saruji yake ilikuwa imeshika vizuri mno, na matofali yakawa yanakatika kabla ya saruji. Kufika mchana alikuwa anatumia nyundo kubwa. Wapita njia hawakumwonea huruma.

"Fundi! Siku hizi unajenga kwenda chini?"

"Mwenye nyumba kakataa rangi, nini?"

"Endelea, utakuta msingi humohumo."

Alizidi kupiga nyundo. Vumbi jekundu la sakafu lilimganda kwenye nyusi. Bibi alikaa kwenye kiti chake uani akitazama, mikono mapajani, na alipopelekewa chai aliipokea huku akitazama.

Jioni Dada wa Kofia alipiga simu kusema mkaguzi atazungumza na kila mtu anayeishi pale, ni utaratibu. Mke wa Fundi alikwenda kuchutama mbele ya mama mkwe wake, mdomo karibu na sikio.

"Mama, kesho anakuja mgeni wa mnara. Akikuuliza kama unautaka, mwambie ndiyo."

"Si nautaka? Nimeukataa lini?"

"Ndiyo. Sema hivyohivyo."

"Mjukuu wangu arudi chuo."

"Hasa, mama. Hivyohivyo."

*

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mafua, aliyeomba radhi kila alipopenga kamasi. Alifika Ijumaa saa tano. Alipima mwenyewe kutoka kwenye ukuta wa zamani hadi kwenye kigingi: mia nne na mbili. Aliandika. Mke wa Fundi akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu gari lionekane.

Kisha mkaguzi alitembea hadi kwenye kiwanja kilichofagiliwa, ambapo udongo ulikuwa na rangi nyingine, na alama ya msingi ikionekana kama mstari uliochorwa.

"Hapa nasoma kulikuwa na chumba Jumatatu."

Dada wa Kofia alitazama viatu vyake.

"Tumekibomoa wenyewe," mke wa Fundi alisema haraka. "Ni chetu. Tumejenga wenyewe, tumebomoa wenyewe, hatudai kitu kwa mtu."

"Vizuri. Alikuwa analala nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Naomba kuzungumza naye. Peke yake, tafadhali. Ni utaratibu."

Fundi na mkewe wakasogezwa hadi kwenye kamba ya nguo. Mkaguzi alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele ya Bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Eh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba. Sema kwa nguvu, mwanangu, masikio yamezeeka kabla yangu."

Mazungumzo ya faragha yakaendelea kwa sauti iliyofika barabarani.

"Wiki iliyopita ulikuwa unalala wapi?"

"Pale. Panapoonekana udongo."

"Na sasa?"

"Njia ya jikoni. Na mkaa."

"Ulihama kwa hiari yako?"

"Eh?"

"Ulitaka kuhama?"

Bibi alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali aliloulizwa, si jingine.

"Sikutaka. Walinitoa."

Kwenye kamba ya nguo, Fundi alifumba macho.

"Walikwambia sababu?"

"Waliniambia ukuta una ufa. Haukuwa na ufa. Mwanangu hajengi ukuta wenye ufa."

Mke wa Fundi alikuwa amekwisha kuwafikia. "Mama! Si tulikwambia akikuuliza—"

"Mliniambia akiniuliza mnara. Hajaniuliza mnara." Bibi alimgeukia mkaguzi. "Mnara nautaka. Andika na hilo."

Mkaguzi aliandika na hilo. Kisha akasimama, akapenga, akaomba radhi.

"Mama, masharti ya mkopo yako wazi. Mtu akiondolewa mahali anapolala kwa ajili ya mradi, bila ridhaa yake, eneo hilo linasimamishwa mpaka shauri lisikilizwe."

"Ameondolewa na nani? Huyu ni mama yetu! Si mpangaji, si mvamizi. Kila siku namwogesha kwa maji ya moto mimi!"

"Sina shaka. Sijasema mmemfanyia ubaya. Nimeandika alivyosema."

"Shauri linasikilizwa lini?"

"Miezi sita. Pengine minane. Lakini orodha inafungwa leo."

"Basi muulize tena."

"Siwezi kumuuliza mtu mpaka ajibu ninavyotaka mimi."

Fundi alikuwa amefika, mikono yake bado ina vumbi la jana kwenye mistari ya viganja. "Nikimjengea tena? Pale pale? Siku sita tu, mzee. Tano, nikipata msaidizi."

"Baba," Dada wa Kofia alisema taratibu, "ukijenga tena tunarudi mia tatu tisini na nane."

"Wanasemaje?" Bibi aliuliza.

Mke wa Fundi alimwinamia, na safari hii hakuhitaji kujilazimisha kupaza sauti. "Wanasema hukukubali kuhama!"

"Si kweli? Nani aliniuliza? Mngeniuliza ningetoka mwenyewe, na mto wangu kwapani."

"Umesikia?" Mke wa Fundi alimgeukia mkaguzi. "Umesikia? Angekubali!"

"Nimesikia, mama. Amesema hamkumuuliza."

Mke wa Fundi alisimama hapo akitafuta kosa katika sentensi ile. Bibi alikuwa ananyoosha kikombe chake kitupu kwa yeyote aliyekuwa karibu. Mkwewe alikipokea bila kujua anakipokea.

Mkaguzi na Dada wa Kofia walitandaza mchoro juu ya boneti ya gari, wakaukandamiza kwa mawe pembe nne kwa sababu ya upepo. Waliongea kwa kidole zaidi kuliko kwa mdomo. Kidole kilisogea kidogo upande wa kulia, kikavuka mstari mwembamba wa mpaka, kikatulia. Dada wa Kofia alipiga simu. Baada ya muda si mrefu Kinyozi alipanda kutoka njia panda akihema, taulo la kazi bado begani, nywele za watu kwenye mikono ya shati.

"Kuna nini, shemeji?"

Kinyozi alimtazama kaka yake, na kaka yake akatazama kilima.

"Hili shamba la jirani ni lako?" mkaguzi alimuuliza.

"Ndiyo, mzee. Sehemu ya marehemu baba."

"Kuna anayeishi juu yake? Kibanda, chumba, chochote?"

"Hakuna kitu. Mawe na upepo."

"Una wazee unaoishi nao?"

Kinyozi alimtupia jicho mama yake, aliyekuwa amempungia mkono kutoka kitini.

"Mama yangu anakaa kwa kaka," alisema.

Mkaguzi aliandika hilo, akamgeuzia karatasi, akamwonyesha pa kuweka sahihi. Saa nane na robo mchana vibarua wawili wa kampuni waliking'oa kigingi chekundu kutoka shambani kwa Fundi, wakakibeba kukivusha mpaka, wakakigongomea upande wa Kinyozi, na kukizungushia utepe.